Gitaa Nusu Tupu la Bwana Shamba

Ukimwambia Bwana Shamba "habari za asubuhi", kwanza anatazama saa. Kama imeshapita saa nne, anakueleza kwamba hiyo si asubuhi tena, ni mchana unaoanza, na ndipo anajibu kwamba habari ni nzuri. Nimekaa naye jirani hapa Nachingwea miaka mingi, tumetenganishwa na ua wa michongoma na bomba la maji lisilotoa maji, na sikumbuki siku aliyopokea salamu yangu bila kuifanyia marekebisho.

Ajira yake iliisha alipostaafu, lakini inaelekea hakuna aliyemtaarifu. Akipita njiani akaona mahindi ya mtu yamesongamana, anasimama. Mwenye shamba akimwona amesimama, anaingia ndani na kufunga mlango. Bwana Shamba anasubiri. Nimewahi kumwona akimsubiri mzee mmoja hivyo, mpaka mzee wa watu akabanwa na haja, akatoka, akapewa somo lote la nafasi kati ya shina na shina huku akibadilisha mguu wa kusimamia.

Neno lake kubwa lilikuwa "suala la kitaalamu". Mvua ikichelewa, ni suala la kitaalamu. Mbuzi wa watu wakila kisamvu chake, ni suala la kitaalamu. Ugali wa muhogo aliousonga mwenyewe ukitoka na mabonge, na Nesi anautazama bila kusema kitu, hilo nalo lilikuwa suala la kitaalamu.

Nesi ni mkewe. Alihudumu wodi ya watoto mpaka akastaafu, na watoto aliowachoma sindano sasa ni watu wazima wenye ndevu ambao wakimwona sokoni bado wanajishika bega. Ni mwanamke wa maneno machache. Mumewe alikuwa na maneno mengi, kwa hiyo nyumba ile kwa wastani ilikuwa kama nyumba nyingine yoyote.

Sasa, mtu huyu aliyefundisha tarafa nzima kupulizia salfa kabla ubwiriunga haujashika maua ya mikorosho, mikorosho yake mwenyewe kila msimu ilikuwa myeupe kama imemwagiwa unga wa sembe. Alikuwa na maelezo. Alisema ile ni mikorosho ya mfano, ameiacha makusudi ili wakulima wajionee madhara ya uzembe. Wakulima walijionea. Walikuwa wanakuja hata na wageni wao.

Ningeweza kuishia hapo, mkamcheka, tukaachana. Lakini lazima niseme na la kijiji cha Malolo. Mfanyabiashara mmoja alikwenda kule na magunia ya salfa ya bei nafuu, watu wakaanza kupanga foleni. Bwana Shamba akafika na pikipiki yake, akachota unga kidogo kwenye kifuniko cha soda, akauwasha kwa kiberiti mbele ya mkutano. Salfa ya kweli huwaka moto wa buluu na moshi wake unakukaba koo. Ule haukuwaka. Ilikuwa chokaa. Mfanyabiashara akakumbuka ana safari. Bwana Shamba angenyamaza pale pale angebebwa juu juu, lakini aliona ni nafasi nzuri ya kueleza historia ya salfa tangu mwanzo, akaieleza mpaka jua likageuka. Leo ukiwauliza wazee wa Malolo kuhusu siku ile, wanakumbuka zaidi hotuba.

Basi huyo ndiye mtu. Muziki ulikuwa humo humo ndani yake, na wenyewe ulikuwa na marekebisho.

Kwetu huku, jazi ni bendi yoyote yenye magitaa. Babu zetu walicheza jazi baada ya mavuno, na kila mji uliojiheshimu ulikuwa na bendi yake yenye jina la mji na neno Jazz nyuma yake. Bwana Shamba mwenyewe, akiwa kijana, alipiga gitaa la ridhim kwenye bendi ya namna hiyo. Lakini mtaje kama mpigaji wa zamani wa jazi uone. "Tulikuwa tunapiga rumba," anasema, kwa uso wa mtu anayekiri kosa mahakamani. "Pale hapakuwa na hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia jazi yenyewe. Tulipenda tu maandishi yake kwenye ngoma."

Jazi yenyewe alikutana nayo chuo cha kilimo, ambako mwalimu wao wa udongo, mgeni kutoka mbali, alikuwa na kanda za muziki huo. Wenzake walikuwa wanakwenda kwa mwalimu kuomba alama, yeye alikuwa anakwenda kuomba kanda. Alirudi kusini na cheti cha kilimo na ugonjwa ambao huku hauna dawa wala mwenzake wa kuugua naye.

Siku moja nilimwomba anieleze tofauti. Tulikuwa kibarazani kwake, Nesi anachambua mbaazi.

"Rumba unajua inakwenda wapi," akasema. "Jazi inatoka nyumbani vizuri, inapotea njiani, inakutana na mambo mengine, halafu inarudi na sababu."

"Kama wewe ukitumwa sokoni," Nesi akasema, bila kuinua macho kwenye ungo.

Kwa miaka yote hiyo alikuwa anajipigia galatoni, lile gitaa kavu lisilo na umeme, ambalo uzi wake mmoja ulishakatika na mahali pake akafunga waya wa breki ya baiskeli. Alisema waya ule una sauti ya kipekee. Ulikuwa nayo. Mbwa wangu alikuwa anahama.

Gitaa la umeme aliletewa na mdomo wangu. Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu ya uhakika ni majoho ya kwaya. Kuna kanisa moja la Ruangwa nilikuwa nawashonea, na siku ya kupima, mwalimu wa kwaya, kijana mpole mwenye wasiwasi mwingi, akanieleza kwamba wana gitaa stoo linawasumbua. Lilitolewa sadaka na mtaalamu mmoja wa madini aliyekuwa anarudi kwao. Gitaa zuri, la rangi ya damu ya mzee, lina matundu mawili membamba yaliyojipinda huku na huku, kama nyoka wadogo. Tatizo lilianza pale walipolichomeka. Kila mahubiri yakipamba moto na sauti ikipandishwa, gitaa lilikuwa linapiga yowe lenyewe, bila mkono wa mtu.

"Mmefanyaje?" nikamuuliza.

"Tumeliombea, dada," akasema.

"Ikawaje?"

"Likanyamaza mpaka Jumapili."

Nilirudi Nachingwea nikasimulia habari hii kama kichekesho, nikiwa nimeegemea michongoma. Bwana Shamba hakucheka. Aliuliza matundu yako upande gani, mwili wake una unene gani, na ukiligonga katikati linalia kama debe au kama gogo. Nikamwambia mimi nilikwenda kupima viuno vya kwaya, sikwenda kugonga gitaa. Kesho yake alikuwa kituo cha magari kabla yangu, amevaa shati alilostaafu nalo.

Kule kanisani aliuliza kama avue viatu. Wakamwambia si lazima. Akavua hata hivyo, akaingia stoo na soksi, katikati ya viti vibovu na matoroli ya mchanga. Mwalimu wa kwaya alilitoa gitaa kwenye kanga kwa mikono miwili, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto anayeuma. Bwana Shamba akaligonga pembeni, likatoa sauti ya tupu. Akaligonga katikati, likatoa sauti ya kujaa. Nikamwona anatabasamu, jambo ambalo si la kila mwezi.

"Hili ni nusu tupu," akatuambia. "Pembeni pana uwazi, katikati limepitishwa gogo. Ule uwazi ndio unaofanya sauti iwe na joto. Lakini ukiliweka mbele ya spika kubwa, sauti ya spika inaingia tumboni, inatoka, inaingia tena, ndiyo hayo mayowe. Pepo hapa hakuna. Sogeeni mbali na spika, mpunguze sauti."

Akalichomeka. Akapunguza sauti mpaka ikabidi tuache kupumua ili tusikie. Akapiga. Mimi si mtaalamu, ila nakumbuka lilitoa sauti nene, ya mviringo, kama ya mtu mzima anayeongea akiwa ameshiba. Halikupiga yowe.

Mwalimu wa kwaya alisikiliza kwa heshima. "Mzee wangu, kwa sauti hiyo Mungu atasikia," akasema. "Waumini je?"

Wakauziana. Fedha ilikuwa ya ufuta, mauzo ya msimu mzima, na ilikuwa na kazi nyingine ambayo Bwana Shamba hakuitaja pale, na mimi sikuulizwa. Njiani kurudi alilipakata. Kondakta akamuuliza huyo mwenzake anashuka wapi. Bwana Shamba akamjibu kwa utulivu kwamba wote wawili wanashuka Nachingwea.

Ile kazi nyingine ilikuwa tanki la maji. Nesi alikuwa ameshasafisha mahali pa kulikalisha, ameshapanga na matofali. Alitoka nje akitegemea kuona gari la mizigo, akamwona mumewe na mimi na kitu kimefungwa kanga. Bwana Shamba akakifungua, akaanza kueleza. Nesi alisikiliza mpaka akafika kwenye uwazi wa ndani.

"Kwa hiyo ni tupu," akasema.

"Nusu tupu."

"Vizuri. Mvua ikinyesha liweke chini ya bati, tuone litakinga ndoo ngapi."

Halafu hakusema naye tena. Si kwamba alinuna. Mtu aliyenuna huwa anagonga sufuria. Nesi alihudumia nyumba kama kawaida, ila maneno yote ya kumwambia mumewe aliyapitisha kwangu. Nilikuwa naitwa kutoka kwenye cherehani yangu, nasimama mlangoni, naambiwa, "Fundi, mwambie huyo mwenye gitaa chakula kipo mezani." Na mumewe yuko pale pale, hatua mbili kutoka kwangu, ananitazama akisubiri ujumbe umfikie. "Mwambie nashukuru," anasema. Mimi ndiye niliyekuwa sina wa kumpelekea wangu.

Hali hiyo ilidumu mpaka korosho zilipouzwa na tanki likaja. Nesi akaanza kusema naye siku hiyo hiyo. Neno la kwanza lilikuwa, "Sogea."

Kuhusu furaha aliyoipata kwenye gitaa lile, naomba nieleze kwa sababu niliishi nayo. Kila alasiri, baada ya sala, alikuwa anakaa kibarazani na kiamplifaya kidogo kama redio. Alilifuta kwanza. Alilifuta kwa kitambaa laini cha fulana yake ya zamani, matundu yale mawili kwa kidole, kila uzi peke yake, kwa uangalifu ambao mikorosho yake ingeusikia tu kwa jirani. Halafu alipiga kodi moja, yaani nyuzi kadhaa kwa pamoja, akaisikiliza mpaka iishe, akatikisa kichwa, akaipiga tena vile vile. Ukikaa pale ukingoja wimbo uanze, unazeeka. Kumbe wimbo ndio huo.

Na umeme ukikatika, jambo ambalo kwetu si habari ya kutolea tangazo, vijana wenye vinanda vyao saluni na baa wote wananyamaza, spika zinabaki midomo wazi. Yeye alikuwa anaendelea. Lile tumbo wazi lilikuwa linatoa sauti yake ndogo hata bila umeme, inatosha mtu wa kibarazani na jirani wa michongoma. Hapo alikuwa anainua macho kunitafuta, kuhakikisha kwamba nimeiona faida. Nilikuwa najifanya nina shughuli na pindo.

Alijaribu kupata wanafunzi. Alikuwa akikaa na yeyote aliyesimama, akimwonyesha vidole: "Kodi hii ina mzigo mmoja zaidi, unaona? Hii kodi nzito. Ile ya mwanzo ilikuwa nyepesi, hii ndiyo tunayopaswa kuzoea." Siku moja watu wawili waliokuwa wanapita walirudi nyuma kuuliza kama kuna kodi mpya imetangazwa. Walipoelezwa, waliondoka na hasira zaidi kuliko kama ingekuwa imetangazwa kweli.

Onyesho lake la kwanza na la mwisho mbele ya watu lilikuwa harusi ya mpwa wake, kijijini Matambarale. Dada yake ndiye aliyemwalika apige, akidhani anaalika yule kijana wa ridhim aliyemkumbuka. Nesi alimwonya. Mimi nilimwonya. Alituambia kwamba wananchi wanadharauliwa sana, wanapigiwa makelele kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapa kitu kizuri. Alivaa suti. Alikaa kwenye kiti mbele ya turubai, mbali na spika, akainama, akaanza.

Watu walikuwa wapole. Waliendelea kula pilau, wakiongea kwa sauti ya chini kama watu wanaomwachia fundi nafasi. Maharusi walikaa wima. Watoto walikuja kuchungulia matundu. Baada ya muda mrefu mshereheshaji, kijana wa mjini mwenye miwani ya jua, akamsogelea na kipaza sauti.

"Mzee wetu, tunakushukuru kwa kazi unayoifanya. Ukimaliza kutengeneza hicho chombo utuambie, tuanze burudani."

Bwana Shamba akakipokea kipaza sauti kwa adabu zote. "Nimeshamaliza nyimbo mbili," akasema.

Wakaweka singeli. Maharusi wakainuka kama waliofunguliwa kamba.

Nilimkuta nyuma ya turubai anakunja waya wake, taratibu, pembe kwa pembe, kama mtu anayekunja shuka la mgonjwa. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kurekebisha. Akaja mzee mmoja wa Chunyu, mkubwa kuliko yeye, mwenye fimbo, akamsalimia, akamwuliza kama anaikumbuka rumba fulani waliyokuwa wanafungia dansi zamani, wakati wa bendi. Alisema aliicheza na marehemu mkewe. Bwana Shamba akamjibu kwamba aliacha kupiga rumba, kwamba ni suala la msimamo.

"Sawa," akasema mzee, akabaki amesimama.

Bwana Shamba akamtazama. Akalifungua tena gitaa. Bila umeme, huku singeli inatikisa turubai upande wa pili, akampigia yule mzee rumba yake yote, na beti zake, na ule mwisho wake wa kurudia rudia. Ilibidi mzee ainame na kuweka sikio karibu na yale matundu. Alikaa hivyo mpaka mwisho, ameshika fimbo kwa mikono miwili, halafu akasema ahsante na kwenda zake. "Hili lisifike Nachingwea," Bwana Shamba akaniambia. Nililifikisha kwa Nesi kabla hatujashuka kwenye gari. Nesi alitazama nje dirishani, na nilimwona anakwenda na ile rumba kwa kidole, juu ya mkoba.

Kiharusi kilimpata shambani, kwenye ile mikorosho ya mfano, asubuhi, wakati wa kupulizia. Mwaka huo kwa bahati alikuwa ameamua kupulizia. Nesi alikuwa karibu, akaona mdomo umevutika upande, akajua hapo hapo, akawaamuru watu na pikipiki kwa sauti ya wodini ambayo hakuna aliyeibishia. Ndiyo maana yuko hai. Madaktari walisema angechelewa kidogo tu tungekuwa tunazungumza mengine.

Alirudi nyumbani na mkono wa kushoto umelala, na ulimi mzito. Kwa mtu wa aina yake sijui lipi lilikuwa baya zaidi. Mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi. Na ulimi, nyote mmeshaona kazi yake. Daktari wa mazoezi hospitali alimpa mpira wa kuminya na kumwambia azungumze, azungumze sana, hata kama maneno yanatoka yamevunjika. Ajabu ni kwamba ushauri huo, ambao maisha yake yote asingehitaji kupewa, sasa alipopewa hakuufuata. Alinyamaza. Nilikuwa napita na kumwambia habari za asubuhi saa sita kamili mchana, makusudi, namtazama. Alikuwa anatikisa kichwa tu, ameikubali asubuhi yangu.

Watu walimpelekea maembe na mashauri. Wengine walisema maskini, sasa mtaa umetulia, na waliposema hivyo wakajisikiliza, wakanyamaza na wao.

Siku moja aliniashiria kwa kidole nimsogelee. Gitaa lilikuwa ukutani, kwenye msumari, limeanza kushika vumbi. Akalitazama, akanitazama mimi.

"Uza," akasema. Neno moja, lilimchukua muda.

"Nani? Mimi?"

"Wewe ulilileta."

Nilimtazama Nesi. Nesi alikuwa anakunja nguo, hakugeuka. Nikasema nitauliza uliza, nikiamini kwamba Nachingwea na Ruangwa nzima hakuna mwendawazimu wa pili. Kumbe yupo. Kijana mmoja anayepiga gitaa hotelini Ruangwa alisikia, akanipigia simu, akauliza maswali yale yale, matundu yako upande gani, ukiligonga katikati linaliaje. Akasema fedha anayo, kesho anakuja kulichukua, nimhakikishie tu kama bado lipo.

Nikaenda kuwapa taarifa. Ilikuwa alasiri. Kabla sijafika kwenye kona ya nyumba nikasikia gitaa.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, gitaa pajani, mkono wa kulia kwenye nyuzi. Mkono wa kushoto umelala mapajani. Pembeni yake, upande wa kushoto, Nesi amekaa kwenye kigoda, ameinama mbele, vidole vyake vimeshika shingo ya gitaa. Vidole vile vilivyotumika miaka yote kutafuta mshipa kwenye mkono wa kichanga sasa vilikuwa vinatafuta uzi. Yeye anabonyeza, mumewe anagusa. Likitoka, linatoka. Mara nyingi halikutoka.

"Juu," Bwana Shamba akasema.

"Juu wapi? Juu upande wa ukutani au juu upande wangu?"

"Cha... kidole cha tatu. Uzi wa nne. Wa nne, siyo huo, huo ni wa tatu. Hesabu kutoka chini. Hesabu vizuri, mama, hili ni suala la..." Neno likakwama. Alihangaika nalo, uso umemwiva. Nesi akasubiri, hakumsaidia. "La kitaalamu," akalitoa.

"Haya. Huu?"

"Huo huo. Usikaze bega."

Akapiga. Kodi ikatoka, nene, ya mviringo, ikakaa pale kibarazani mpaka ikaisha yenyewe. Kisha akaanza kumweleza kwa nini ile ya mwanzo haikuwa sawa, na maelezo yalikuwa marefu, yamevunjika vunjika, na mimi nilikaa kwenye ngazi nikayasikiliza yote. Sikuwahi kufanya hivyo nilipokuwa nayapata mazima.

Walirudia. Nesi alikosea tena, uzi ule ule. Akasahihishwa. Akakosea tena. Akasahihishwa kwa sauti kubwa zaidi, mpaka mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo akageuka. Jua lilipoanza kulegea Nesi akamwambia mumewe apumzike, akanisindikiza mpaka njiani.

"Nesi, mnajitahidi," nikamwambia. "Ila uzi wa nne umekushinda."

Akageuka kwanza kuangalia kama tuko mbali. Alininyooshea vidole vyake, ncha zake zimechubuka, mistari ya nyuzi imechorwa kwenye nyama.

"Uzi wa nne naujua tangu wiki iliyopita," akasema. "Daktari wa mazoezi kataka aongee. Nikimwambia aongee, hataki. Nikimuuliza hali, anatikisa kichwa. Lakini nikibonyeza vibaya, anasema mpaka barabarani wanasikia. Sasa mimi nifanyeje?"

Akarudi zake kibarazani. Nikasikia kigoda kikiburutwa, na mzee anaanza upya: kidole cha tatu, siyo hicho.

Simu yangu ikaita nikiwa bado nimesimama njiani. Alikuwa yule kijana wa Ruangwa.

"Dada, nataka nianze safari. Lile gitaa bado lipo?"

"Lipo," nikamwambia. "Lakini linatumika."